Mfupa wa goti langu umeongezeka, mbona linauma?

Swali: Daktari, mimi ni mama wa miaka 57, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Kwa miaka mingi nilibeba mizigo ya sokoni mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Sasa ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na makala ya kupikia (mkaa). Goti la kuume linaniuma, hasa nikiteremka, na asubuhi linakaza kidogo kabla ya kulegea. Nilipiga radio, ile picha ya mifupa. Waliniandikia kwamba ni atrozi, yaani kiungo kinachakaa, kwamba mfupa ulio chini ya gegedu umekuwa mzito na mweupe, na kwamba pembeni kuna mfupa ulioota. Jirani ananiambia mifupa yangu imeisha, ninywe kalsiamu. Kwenye farmasi waliniuzia pia vidonge vidogo vya deksa, na siku zile nilipata nafuu kweli. Sielewi. Kama mfupa umeongezeka, umeishaje? Niache kutembea? Na binti yangu wa miaka 24 ameanza kubeba kama mimi. Naye atafika hapa?

Jibu: Aksanti Mama kwa barua yako, na pole kwa maumivu. Umeuliza mengi, lakini moja ndilo lenye mzizi: kama mfupa umeongezeka, umeishaje? Wataalamu wa viungo wameligeuzageuza swali hilo kwa zaidi ya miaka 50. Nitalijibu taratibu, kwa sababu ukilielewa, mambo ya kalsiamu, ya deksa, ya kutembea na ya binti yako yatafuata yenyewe. Jirani yako anakutakia mema, lakini katika hili amekosea. Mifupa yako haijaisha. Pale gotini, na pale tu, mfupa unabomolewa na kujengwa kwa pupa, na kinachojengwa ni kingi lakini ni dhaifu.

Mfupa wa mtu mzima haukumalizika kujengwa siku alipoacha kurefuka. Una damu, una mishipa ya fahamu, na kila mwaka karibu sehemu 1 kati ya 10 ya mifupa ya mwili mzima hubomolewa na kuwekwa mipya. Kazi hiyo inafanywa na seli za aina tatu. Za kwanza, osteoklasti, hujibandika juu ya mfupa wa zamani, huumwagia tindikali inayoyeyusha madini, kisha humeng'enya nyuzi zinazobaki. Hapo panabaki kishimo. Za pili, osteoblasti, huja kukijaza: hutandaza kwanza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na madini ya kalsiamu na fosfeti huingia humo baadaye na kuzikaza. Kubomoa huchukua wiki chache. Kujenga huchukua miezi mitatu au minne, na madini huendelea kukolea kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Shika jambo hilo la muda, Mama, maana nitalirudia.

Seli za aina ya tatu ndizo ninazozipenda zaidi kuzieleza. Osteositi ni seli za kujenga zilizofunikwa ndani ya mfupa zenyewe zikiujenga, zikabaki humo kwa miaka. Katika kila seli 100 za mfupa, zaidi ya 90 ni hizi. Zinashikana kwa vijimkono vyembamba vinavyopita katika mifereji midogo mno. Ukikanyaga chini, mfupa unapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, maji yaliyomo katika mifereji yanasukumwa, na osteositi zinahisi. Zikihisi mzigo hupunguza kemikali yao moja iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuzuia ujenzi. Kizuizi kikipungua, mfupa hujengwa pale penye mzigo. Mguu ukikaa bila kukanyaga, kizuizi hupanda na mfupa hupungua. Mpasuaji Mjerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kueleza seli zinavyouhisi mzigo huo.

Sasa twende gotini. Ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi zimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, na sehemu nyingi unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Chini ya gegedu hilo kuna tabaka jembamba la gegedu lililoshika madini, chini yake bamba la mfupa mgumu, na chini ya bamba mfupa wa matundu uliojaa uboho. Gegedu halina damu wala mishipa ya fahamu. Kwa hiyo halijui kuuma, na halijui kupona vizuri. Mwaka 2016 watafiti walipima jambo hili kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga hewani kaboni ya aina ya pekee, na kila kitu ambacho mwili wa mtu ulijenga miaka ile kikabaki na alama yake. Waliposoma alama hiyo katika magoti, walikuta kwamba kolajeni ya gegedu la mtu mzima ni ile ile aliyokuwa nayo alipomaliza kukua, hata kwa wenye atrozi. Yaani Mama, kolajeni ya gegedu lako ni ya usichana wako, wakati mfupa ulio milimita chache chini yake umeendelea kufanywa upya miaka yote hiyo.

Ndiyo maana mzigo ukizidi, tabaka hizi mbili hazifanyi jambo moja. Gegedu linalegea na kuchanika polepole, likabaki limechanika. Mfupa unajibu. Na sehemu kubwa ya kile ulichokiona kwenye radio yako ni jibu hilo la mfupa.

Nani alianza kuharibika, gegedu au mfupa? Miaka ya 1970 mpasuaji Mmarekani Eric Radin alishikilia kwamba mfupa unatangulia: unapasuka vijipasuko vidogo kwa kugongwa mara kwa mara, unajiganga kwa kujikaza, na ukishakuwa mgumu haufyonzi tena mshtuko, gegedu ndilo linapokea kipigo. Wengine walisema gegedu linatangulia na mfupa unafuata. Maoni yangu ni kwamba kwa mgonjwa ubishi huo hauna faida kubwa. Gegedu na mfupa wa chini yake ni kitu kimoja kinachobeba mzigo mmoja, na kemikali hupita kutoka upande huu kwenda ule. Aliyeumia leo humwumiza mwenzake kesho.

Tunachokijua vizuri zaidi ni mwendo wenyewe, na una awamu mbili zinazokaribia kupingana. Mwanzoni, mara nyingi kabla radio haijaonyesha kitu, ubomoaji unatangulia. Osteositi zilizojeruhiwa na vijipasuko huita seli za kubomoa. Bamba la mfupa chini ya gegedu linakuwa jembamba na lenye vishimo. Kupitia vishimo hivyo mishipa midogo ya damu hupanda kutoka kwenye uboho na kuingia katika tabaka la chini la gegedu, mahali ambapo haikuwahi kuwepo. Mishipa ya fahamu hupanda pamoja nayo. Katika panya imeonekana kwamba seli za kubomoa zenyewe hutoa kemikali, netrini, inayoivuta mishipa ya fahamu kuja pale. Sehemu ya maumivu ya atrozi inazaliwa hapo, ndani ya mfupa, na wala si kwa sababu mifupa miwili inasuguana kama watu wanavyowaza.

Baadaye mizani hugeuka. Mfupa unapobomolewa hutoa kemikali iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, TGF-beta, ambayo kwa kawaida huziita seli za kujenga zije mahali palepale palipobomolewa, kwa kiasi kile kile. Katika goti lenye atrozi TGF-beta inakuwa nyingi mno na kusambaa ovyo, basi ujenzi unaanza hata mahali ambapo hapakubomolewa kitu. Mwaka 2013 watafiti waliizuia kemikali hiyo ndani ya mfupa wa panya waliokatwa kano ya goti, na atrozi yao ikapungua makali. Kwa binadamu hatujapata dawa kutokana na hilo, lakini lilituonyesha kwamba mfupa ni mshiriki kamili katika ugonjwa huu. Bamba linakuwa nene, vipande vya mfupa wa matundu chini yake vinakuwa vinene. Radio inaonyesha weupe. Huo ndio uliosomewa wewe.

Na hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Nilisema madini yanahitaji muda mrefu kukolea ndani ya kolajeni. Katika goti lako mfupa mpya haupewi muda huo. Kabla haujakauka sawasawa, umebomolewa tena au umefunikwa na mwingine. Umeona nyumba zetu za milimani, ukuta unaoinuliwa kwa haraka kabla mvua haijanyesha, tofali juu ya tofali wakati saruji ya chini bado mbichi: ukuta ni mnene, lakini hautegemeki. Wataalamu walipochukua mfupa huu kutoka kwa watu waliofanyiwa operesheni na kuupima, walikuta kila kipande chake kina madini pungufu kuliko mfupa wa mtu asiye na atrozi, na kolajeni yake imechanganywa kwa namna isiyo ya kawaida. Radio inaonekana nyeupe kwa sababu mfupa ni mwingi, haisemi kama ni mzuri. Mama, jirani yako alihisi udhaifu, wewe ukaona wingi, na vyote viwili viko hapo kwa pamoja.

Ule mfupa ulioota pembeni una historia yake. Kwenye ukingo wa kiungo, pale utando unapokutana na gegedu, kuna seli changa ambazo zikiamshwa na mvuto na kemikali hujenga kwanza gegedu, kisha gegedu hilo hugeuka mfupa, sawasawa na vile mifupa ya mtoto inavyokua. Watu huiita miiba na kufikiri inachoma nyama. Haichomi. Ina ncha ya mviringo na juu imefunikwa na gegedu. Inaelekea kwamba mwili unajaribu kupanua uso wa kiungo na kulizuia goti lisiyumbe. Inaweza kulizuia goti kukunjika lote, na ikiwa kubwa sana kugusa vya jirani, lakini mtu akikushauri ukakwanguliwe miiba hiyo peke yake ili maumivu yaishe, usikubali.

Kwa nini picha na maumivu havilingani? Tangu mwaka 1957 tunatumia daraja za Kellgren na Lawrence kusoma radio, kuanzia 0 hadi 4, na daraja hizo zinategemea sana mfupa ulioota na nafasi iliyobaki kati ya mifupa. Ninaona watu wa daraja la 2 wanaolia na wa daraja la 4 wanaopanda mlima. Picha ya IRM, inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha kitu ambacho radio haikioni: mabaka ndani ya uboho chini ya gegedu, mahali ambapo mfupa umepondeka na uko katikati ya kubomolewa na kujengwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, mabaka hayo yalikutwa kwa zaidi ya watu 3 kati ya 4 wenye atrozi ya goti na maumivu, na kwa watu 3 kati ya 10 wenye atrozi bila maumivu. Mabaka hayo hukua na hupungua. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwa sababu lina maana kwamba maumivu ya leo si hukumu ya maisha. Sikutumi ukatafute IRM; ni ghali na haitabadilisha tutakachofanya. Ukipiga radio tena siku moja, uombe ipigwe ukiwa umesimama, maana goti lililolazwa huficha nafasi iliyopungua. Lakini usipige kila mwaka kwa ajili ya kuangalia tu.

Umri wako nao una sehemu. Damu ya mwezi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na homoni hiyo ilikuwa ikizituliza seli za kubomoa. Kasi ya kubomoa na kujenga hupanda mwilini mzima. Goti lililokuwa limebeba miaka mingi linakutana na kasi hiyo, na wanawake wengi huanza kuumwa baada ya miaka 50 kwa sababu hii pamoja na nyingine.

Na mzigo wenyewe. Kuna wagonjwa waliowekewa goti la bandia lenye vipimo ndani yake, kwa hiyo tunajua mzigo halisi. Kwenye tambarare kila hatua hulibebesha goti mara 2 na nusu ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi ni zaidi ya mara 3, na kushuka ngazi ni zaidi ya kupanda, karibu mara 3 na nusu. Basi si hisia zako tu kwamba kuteremka kunauma zaidi. Sehemu kubwa ya mzigo hupita upande wa ndani wa goti, na pale ndipo weupe huonekana kwanza kwa watu wengi. Ukiweka mgongoni gunia la makala na kuteremka njia zetu zilizokatwa na mvua, jiwe hili likiteleza na lile likikaa, ni rahisi kuelewa osteositi za goti lako zimekuwa zikipokea habari gani miaka yote. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mji huu umelishwa kwa migongo ya mama kama wewe.

Twende kwenye kalsiamu. Mfupa kwisha ni ugonjwa mwingine, osteoporozi: kubomoa kunashinda kujenga katika mifupa yote, kimya kimya, hadi mtu anavunjika nyonga kwa kuanguka kidogo. Atrozi iko kwenye kiungo, na tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye mifupa mizito mara nyingi ndio wanaopata zaidi atrozi ya goti. Kalsiamu ya vidonge haitaondoa weupe ule, haitauongeza, wala haitarudisha gegedu. Wewe unauza sambaza; ukiwala wazima na mifupa yao, pamoja na maharage na mboga, unapata kalsiamu ya maana bila kulipa farmasi. Vidonge nawaachia wale ambao daktari ameona upungufu au osteoporozi.

Utaniuliza, kama tatizo ni kasi ya kubomoa na kujenga, si kuna dawa za kuipunguza? Zipo, na zimejaribiwa kwa uaminifu. Risedroneti, dawa ya osteoporozi inayozizuia seli za kubomoa, ilipewa wagonjwa wa atrozi ya goti katika majaribio ya zaidi ya watu 2,400 yaliyochapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili alama za uharibifu wa gegedu kwenye mkojo zilipungua, lakini maumivu na radio havikubadilika kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2013 strontiamu raneleti, dawa nyingine ya osteoporozi, ilionekana kupunguza kidogo kasi ya kusinyaa kwa nafasi ya goti, lakini mwaka huo huo ikajulikana kwamba inahatarisha moyo. Kwa hiyo leo hakuna kidonge kinachorekebisha mfupa wa atrozi, na anayekuuzia kimoja kwa jina hilo anachukua pesa za watoto wako bure.

Deksa nataka niizungumzie kwa nguvu. Ni deksamethazoni, dawa ya jamii ya kortizoni, nzuri sana mikononi mwa daktari kwa magonjwa yake. Inazima uvimbe haraka, ndiyo maana ulipata nafuu. Lakini ikinywewa wiki na miezi, inaua seli za kujenga na zile osteositi, inaongeza kubomoa, na mifupa yote inapungua. Inaweza kuziba damu ya kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa na kuporomoka, na hapo utakuwa na ugonjwa wa nyonga juu ya ugonjwa wa goti. Inapandisha sukari na presha, inavimbisha uso, inafungulia mlango maambukizi. Kama uliinywa siku chache tu, usiirudie. Kama umekuwa ukiinywa kwa wiki kadhaa mfululizo, usiikate ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza kortizoni yake na unaweza kuanguka. Nenda kwa daktari wiki hii, umwambie ukweli wote, akupunguzie hatua kwa hatua. Hata sindano ya kortizoni ndani ya goti, ambayo hutuliza kwa wiki chache, isiwe mazoea: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, ambamo watu walidungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, yalionyesha gegedu likipungua zaidi kuliko kwa waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yakiwa sawa.

Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia siku mbaya, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, baada ya kula. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu zina hatari ya kweli. Diklofenaki ya kupaka juu ya goti ni salama zaidi na kwa goti inafaa. Ningeanza na hiyo.

Kinachobaki ndicho chenye nguvu zaidi, na kinatoka moja kwa moja katika yale niliyoeleza juu ya mfupa. Usiache kutembea. Mfupa usiopata mzigo unapungua, gegedu lisilominywa na kuachiliwa halipati chakula chake, kwa sababu hulishwa na majimaji ya kiungo yanayosukumwa humo, na paja lisilofanya kazi linakonda. Goti linahitaji mzigo mwingi wa kiasi, unaojirudia, badala ya mzigo mkubwa wa mara moja. Na kinachopunguza mshtuko kabla haujafika mfupani ni misuli ya paja la mbele. Misuli hiyo kwa wagonjwa wa goti karibu daima imedhoofika, kwa sababu maumivu huizima.

Kwa hiyo anza nyumbani. Kaa kwenye kiti kigumu, inuka polepole bila kushika kwa mikono, kisha rudi ukae polepole zaidi. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga. Mara nane au kumi, upumzike, urudie. Ukiwa umelala chali, nyoosha goti, kaza paja, inua mguu mzima juu kidogo, uhesabu hadi tano. Fanya hivyo siku nyingi za juma. Goti litauma kidogo, na hilo si dalili ya kuvunjika. Kanuni ninayowapa wagonjwa wangu ni hii: maumivu yaliyopanda kwa mazoezi yakiwa yameshuka kesho yake asubuhi, kipimo kilikuwa sawa, yakiwa bado yako juu au goti limevimba, punguza nusu, usiache. Ukipata kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kukusimamia mwanzoni ni vizuri. Usitegemee wiki mbili. Wengi huanza kusikia tofauti baada ya wiki sita hadi nane, na mfupa, kama nilivyosema, huhesabu kwa miezi.

Ukitembea mbali, shika fimbo. Lakini ishike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti linalouma, na ipige chini pamoja na mguu wa kuume. Wengi huishika upande uleule wa maumivu, na hapo haipunguzi mengi. Ukiteremka, tangulia na mguu wa kuume, ukipanda tangulia na wa kushoto. Barua yako haikusema uzito wako. Kama umezidi, kila kilo moja unayopunguza inaondoa karibu kilo nne kwenye goti katika kila hatua. Mtu aliyepungua kilo tano ameondoa ishirini, na kwa siku moja tunapiga hatua maelfu. Makala na sambaza vikitoka ziwani au sokoni, kuvibeba kwa safari mbili nyepesi ni afadhali kuliko moja nzito, na pale ambapo njia inaruhusu, mlipe kijana mwenye mkokoteni. Najua hiyo ni pesa. Iweke kwenye hesabu ya goti.

Operesheni ipo kwa goti lililochoka kabisa, lakini hujafika hapo kwa maelezo yako. Ninataja moja tu kwa sababu inathibitisha habari yote hii. Wapasuaji wanaweza kukata mfupa wa muundi na kuunyoosha ili mzigo uhame kutoka upande wa ndani uliochoka kwenda wa nje. Picha zilizopigwa baadaye zimeonyesha ule weupe wa upande wa ndani ukipungua. Mfupa uliokuwa umejikaza kwa sababu ya mzigo, mzigo ulipoondoka, ulilegea. Hata uzeeni unasikia.

Kuna dalili ambazo si za atrozi, na zikitokea usisubiri: goti jekundu, la moto, lenye homa, maumivu makali ya usiku yasiyokubali pumziko, mguu kushindwa ghafla kukanyaga baada ya kuanguka, uzito wa mwili kupungua bila sababu.

Kuhusu binti yako. Tafiti za mapacha wanawake huko Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1996, zilionyesha kwamba urithi unachangia kati ya 39 na 65 katika 100 ya tofauti ya nani anapata atrozi ya goti na ya vidole. Basi ana sehemu yake kutoka kwako, na nusu nyingine iko katika maisha yake. Ana miaka 24, gegedu lake ni lile atakalokufa nalo, na mfupa wake bado unasikia kila anachoubebesha. Kama lazima abebe, abebe pungufu ya anachoweza, apumzishe mzigo kabla ya mteremko, na avae kiatu kinachoshika udongo badala ya sandali za kuteleza. Kinachonitisha zaidi kwake ni kuanguka. Mtu aliyekatika kano ya ndani ya goti au kuchanika gegedu la kati, lile lililo katikati ya mfupa wa paja na wa muundi, uwezekano wake wa kuwa na atrozi miaka 10 hadi 20 baadaye ni karibu nusu, hata kama alikuwa kijana. Akianguka na mzigo na goti likavimba ndani ya saa chache, mara nyingi kuna damu ndani. Asikandwe kwa nguvu, asivutwe, asirudi kubeba kesho yake. Alipumzishe, aweke kitambaa cha maji baridi, afike kwa daktari siku mbili za kwanza, na gunia lisubiri hadi goti linanyooka na kukunjika lote na paja la mguu huo lina nguvu sawa na la pili.